Kutoka Kikoa hadi Zamu ya Kula: Unene, Wembamba na Kiasi katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili kumezoeleka madai mawili yanayopingana, na aghalabu hutolewa na mwalimu yule yule. Dai la kwanza ni kwamba Mwafrika wa jadi aliuenzi unene: mwili uliojaa ulikuwa uzuri, siha na heshima, na mapenzi ya wembamba yaliletwa na wageni. Dai la pili ni kwamba kitambi, katika maandishi ya baada ya uhuru, ni alama ya ufisadi. Mhusika mwenye tumbo kubwa huhesabiwa miongoni mwa wanyonyaji kabla hajatamka neno. Mwanafunzi anayeyapokea madai yote mawili hubaki na swali ambalo halijibiwi: unene uligeuka lini kutoka baraka kuwa laana?

Makala haya yanashikilia kwamba swali lenyewe limekosewa. Tangu tenzi za kale hadi hadithi fupi za karne hii, kazi bora za Kiswahili hazikuufanya ukubwa wa mwili kuwa kipimo cha utu. Kilichopimwa ni chakula: kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, kimemfikia nani, na ni nani aliyekikosa. Kiasi, kwa maana hiyo, kilikuwa suala la watu wanaokaa pamoja kabla ya kuwa suala la mtu na kiuno chake. Historia inayofuata ni ya jinsi kipimo hicho kilivyohamishwa kutoka kwenye sinia na kuwekwa kwenye mwili, na ya hasara iliyoandamana na uhamisho huo.

Msamiati wa mwili na kipimo cha kibaba

Lugha yenyewe ni shahidi wa kwanza. Kiswahili hutofautisha mtu mnene na mnyama mnono. Mnyama hunona, na kinono ni mnyama aliyelishwa ili achinjwe. Mtu hunenepa, na neno hilo halimwandalii kisu. Aidha, mtu aliyejaa mwili husemwa kuwa ana afya au amenawiri. Neno afya lina asili ya Kiarabu na maana yake ni uzima, halitaji uzito. Kwa upande wa pili, kukonda si kupungua nyama tu. Mtu hukonda kwa mawazo, kwa msiba, kwa kukosa wa kumtunza. Kwa hiyo mwili katika msamiati huu husomwa kama habari za mahusiano: unene hueleza kwamba kuna anayemjali mtu, na wembamba huuliza ni nani aliyemtupa.

Desturi ya arobaini katika miji ya pwani yaeleza jambo hilo vizuri. Mwanamke aliyejifungua hupumzishwa siku arobaini, akakandwa, akanyweshwa uji wa pilipili manga na kulishwa vyakula vya kumrudishia nguvu. Akitoka akiwa amenawiri, sifa si zake peke yake. Ni za mama yake, mkunga na mume aliyetoa gharama. Akitoka amekonda, aibu ni ya nyumba nzima. Ni kosa kuiita desturi hii mapenzi ya unene. Ni mapenzi ya matunzo, na mwili ni mahali yanapoonekana.

Vipimo vya kale navyo vyaelekeza huko huko. Kibaba, kisaga na pishi vilikuwa vipimo vya nafaka: vibaba viwili hufanya kisaga, na visaga viwili hufanya pishi. Mwishoni mwa Ramadhani kila Mwislamu mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kwa kila nafsi anayoilisha, nayo hutakiwa imfikie maskini kabla ya sala ya Idi. Baada ya mwezi mzima wa kujizuia mchana, kinachopimwa si mwili wa aliyefunga bali chakula kinachotoka nyumbani kwake kwenda kwa jirani. Mafundisho ya dini yaliyosomwa katika vyuo vya pwani yalikataza israfu, na hadithi mashuhuri ya Mtume iliwafunza watu kuligawa tumbo mafungu matatu: theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Mafundisho hayo hayakumtaka mtu awe mwembamba. Yalimtaka abakize nafasi.

Methali iliyajumlisha yote hayo: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Shibe na njaa zimewekwa katika mizani moja, kila moja ikiwa na madhara yake; ya kwanza hulevya, ya pili hulegeza. Msemaji wa methali hii hakuchagua upande.

Mkate wa wishwa na kikoa cha makoma

Hakuna mwili mkubwa katika fasihi ya Kiswahili kuliko wa Fumo Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa huyu ni jitu la kutisha, mwenye nguvu zisizo na kifani. Hata hivyo, ukubwa wake si sifa wala kosa. Ni hali aliyozaliwa nayo. Kinachosukuma kisa ni chakula, nacho hujitokeza mara mbili katika nyakati za hatari.

Mara ya kwanza ni gerezani. Mama yake humpelekea chakula kizuri kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hukinyang'anya na kukila. Ndipo Liyongo anapotuma ujumbe katika wimbo ili aokewe mkate wa wishwa, na ndani yake kutiwe tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa makapi na kumwachia mfungwa. Tupa inakata pingu. Mara nyingi kisa hiki hufundishwa kama mfano wa werevu wa ushairi wa mafumbo, na ni kweli. Lakini werevu huo usingefaa kitu bila ulafi wa walinzi. Liyongo aliwasoma maadui zake kwa kile wanachokila na kile wanachokidharau. Mtu aliyezoea kuchagua kitamu hawezi kuona kilichomo ndani ya kikavu.

Mara ya pili ni njama ya kikoa. Kula kikoa ni desturi ya wenzi kulishana kwa zamu: leo huyu huandaa, kesho yule, hata wote wawe wametoa na wote wawe wamekula. Maadui wa Liyongo wanafanya kikoa cha makoma, matunda ya mkoma, wakikubaliana kwamba kila mmoja apande mti kwa zamu yake na kuwaangulia wenziwe. Nia yao ni kumpiga mishale zamu yake itakapofika. Liyongo anaangua matunda kwa mishale akiwa amesimama chini, wao wakabaki wakimtazama. Uovu wa njama hiyo hautokani na kutaka kumwua tu. Watu hawa wamekigeuza kikoa, yaani desturi ya kulishana, kuwa mtego wa kuulia. Jambo hili linafaa kukumbukwa, maana miaka mingi baadaye neno zamu lingerudi katika siasa za Kenya likiwa limepinduliwa vivyo hivyo.

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, unaitazama shibe kutoka upande wa kaburi. Majumba ya Pate yaliyong'aa kwa taa na vyombo vya kigeni yamekuwa magofu, na waliolala juu ya matandiko laini wamo katika ardhi nyembamba, wakiliwa na wadudu. Mlaji amekuwa chakula. Mshairi hawalaumu matajiri hao kwa ukubwa wa miili yao. Anawalaumu kwa kusahau kwamba karamu ina mwisho. Katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 nako, mama anapomwusia binti yake kuhusu mwili, mkazo wake ni usafi, manukato, mapambo na adabu. Mwili mwema katika wasia huo ni mwili uliotunzwa.

Utepe wa Speke na mizani ya dola

Haifai, hata hivyo, kuichora jadi kama bustani isiyo na miiba. Mwaka 1861 msafara wa John Hanning Speke, ulioanzia Unguja na kuongozwa na wapagazi na wakalimani wa Kiswahili akiwamo Sidi Mubarak Bombay, ulifika Karagwe, kaskazini magharibi mwa Tanzania ya leo. Katika jamaa ya Mfalme Rumanika, Speke aliwakuta wanawake walionenepeshwa kwa maziwa hata wasiweze kusimama sawasawa, na akashuhudia binti akinyweshwa maziwa huku baba yake ameshika fimbo. Hapa unene si matunzo. Ni utajiri wa ng'ombe wa mfalme ulioandikwa juu ya mwili wa mwanamke, na fimbo ndiyo kalamu. Mhakiki anayesema kwamba jadi ilimpenda mwanamke mnene hana budi kuieleza fimbo hiyo.

Speke naye alikuwa na kalamu yake. Alimpima mmoja wa wanawake hao mkono, kifua, paja na ndama ya mguu, akaviandika vipimo hivyo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1863. Maneno ya mwanamke huyo kuhusu maisha yake hayakuchukua nafasi iliyochukuliwa na tarakimu zake. Mfalme alimnenepesha ili aonekane. Mgeni alimpima ili asomwe. Katika mikono yote miwili mwili ulitengwa na sauti.

Dola ya kikoloni iliuendeleza upimaji huo kwa mahitaji yake. Kibaba kilikuwa tayari kimeshaingia katika njia za misafara kama posho, yaani chakula cha siku cha mpagazi. Katika mashamba ya walowezi na kambi za kazi, posho ikawa unga unaopimwa kwa ratili na kutolewa kwa mfanyakazi kama sehemu ya ujira. Kile kilichokuwa kipimo cha kutoa kikawa kipimo cha kumtosheleza mtu afanye kazi, wala si zaidi. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao uliolinganisha afya ya Wamasai na Wakikuyu nchini Kenya. Mmasai mume, mlaji wa maziwa, nyama na damu, alionekana kuwa mrefu na mzito kuliko mwenzake wa Kikuyu, mlaji wa nafaka na mizizi, na tofauti ya uzito ilikuwa takriban kilo 10. Uchunguzi huo una nafasi yake katika historia ya elimu ya lishe. Lakini uliifanya tofauti ya miili kuwa tofauti ya vyakula vya makabila, katika koloni ambamo ardhi ilikuwa imenyakuliwa na watu kusukumwa kwenye hifadhi na katika kazi za ujira. Mizani ilitaja ni kiasi gani kilichokosekana. Haikutaja aliyekichukua.

Tumbo la taifa

Fasihi ya baada ya uhuru ndiyo iliyolirejesha swali la aliyechukua. Nchini Tanzania, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lugha ya siasa ilijaa maneno ya kula na kunyonya: mnyonyaji, kupe, mirija. Kupe ni mdudu anayevimba kwa damu ya mwingine. Uvimbe wake wote una mwenyewe. Nguvu ya sitiari hiyo ipo katika njia ya chakula, wala haipo katika ukubwa wa mdudu. Kadiri ilivyorudiwa, hata hivyo, ilianza kusinyaa: mchora katuni akachora kitambi, na msomaji akaridhika kwamba ameuona unyonyaji.

Ngũgĩ wa Thiong'o hakuridhika na mchoro huo, ingawa mara nyingi husomwa kana kwamba aliridhika. Katika Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1982 ya riwaya aliyoiandika kwa Kikuyu, mashindano ya wezi na wanyang'anyi yana matumbo ya ajabu. Gĩtutu wa Gataangũrũ ana tumbo linaloshikiliwa na kanda za suruali, naye huota kuuza hewa katika makopo. Nditika wa Ngũũnji anatamani kiwanda cha viungo vya binadamu ili tajiri awe na vinywa viwili na matumbo mawili. Lakini ukumbini humo yumo pia Kĩhaahu wa Gatheeca, mrefu na mwembamba, naye anajigamba kwa wizi wake kama wenziwe. Yumo vilevile Ndaaya wa Kahuria, kibaka mkondefu anayeiba kuku kwa sababu ya njaa, naye anafukuzwa kwa dharau. Laiti unene ungekuwa ndio kipimo, Kĩhaahu angetoka pamoja na Ndaaya. Haikuwa hivyo. Wembamba wa mmoja ni wa mtu anayekula jasho la watu. Wembamba wa mwingine ni wa mtu aliyeliwa. Riwaya inamlazimisha msomaji aache kutazama viuno na aanze kufuatilia mali.

Ni katika kipindi hicho hicho ambapo usemi wa zamu ya kula ulishika mizizi katika mazungumzo ya siasa nchini Kenya: kabila au kundi fulani limeshakula, sasa ni zamu ya wengine. Ukiulinganisha usemi huo na kikoa, upinduzi wake unaonekana wazi. Katika kikoa, zamu ya mtu ni siku anayowalisha wenziwe. Katika siasa, zamu ya mtu ni siku anayokula akiwa amewafungia mlango. Neno limebaki, mkono umegeuka.

Diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyotoka mwaka 2016 na kuwa kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya, inaupeleka mjadala hatua moja mbele. Katika hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyoipa diwani jina, jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago mtaani Madongoporomoka na kula chakula chote kilichoandaliwa kwa ajili ya wateja wengine. Mtaa wenyewe unanyemelewa na wanyakuzi wa ardhi, na wali wa wanyonge ni kionjo tu cha mlo unaokusudiwa. Katika "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad, Sasa na Mbura wanahudhuria karamu za Mzee Mambo, sherehe za nyumbani kwake zinazogharimiwa na mali ya umma. Wanakula, na wanajua kwamba wanakula. Na katika mazungumzo yao yanatajwa maradhi yanayotokana na ulaji huo huo. Hadithi hii inaunganisha mambo mawili ambayo mizani iliyatenga: ugonjwa wa mwili wa mlaji na ugonjwa wa nchi inayoliwa. Shibe haimmalizi mtu kwa sababu amevuka kilo fulani. Inammaliza kwa sababu imeondolewa mahali ilipokuwa na mpaka, yaani mbele ya macho ya wenzake wanaongoja kula.

Hofu ya kukonda

Ikiwa kosa la kumhukumu mnene limeonekana katika uhakiki, kosa la kumhukumu mwembamba lilionekana katika maisha, na gharama yake ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1985 madaktari waliofanya kazi kusini mwa Uganda waliueleza katika jarida la Lancet ugonjwa ambao wenyeji waliuita Slim, kwa sababu ya jinsi ulivyomkondesha mgonjwa. Ulikuwa UKIMWI. Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984, na serikali ilitangaza janga la kitaifa mwaka 1999. Katika miaka hiyo kukonda kulipata maana moja tu. Mtu aliyefiwa, aliyekuwa na kifua kikuu, au aliyekosa chakula, wote walisomwa kwa herufi zile zile. Msamiati wa kale uliuliza ni nani aliyemtupa mkondefu. Msamiati mpya uliuliza alikuwa na nani. Swali la matunzo likawa swali la dhambi, na waliokonda walitupwa kwa sababu wamekonda. Kunenepa nako kukawa cheti cha usalama, ingawa virusi haviwi na desturi ya kusubiri mtu akonde.

Dawa za kupunguza makali zilipoenea katika miaka ya 2000, wagonjwa wengi walirudi kunawiri, na usomaji huo ukapoteza nguvu. Hata hivyo, alama yake haikufutika yote. Anayepunguza uzito kwa ushauri wa daktari bado huulizwa kwa sauti ya chini kama ana tatizo. Hali hii haiwezi kuitwa mapenzi ya Mwafrika kwa unene. Ina tarehe, nayo ni tarehe ya msiba.

Hitimisho

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulikadiria kwamba takriban asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kisukari na shinikizo la damu ni maradhi ya kweli, na hakuna utenzi unaomwondolea mtu haja ya kwenda kliniki. Mizani ina kazi yake. Lakini tarakimu hizi mbili zikisomwa kila moja peke yake, ya kwanza huwa lawama kwa wanene na ya pili huwa huruma kwa watoto. Zikisomwa pamoja, huwa picha ya sinia moja lililowekwa vibaya, ingawa pengine katika nyumba ile ile mmoja amezidi na mwingine amepungukiwa, na wote wawili wanakula wanga wa bei nafuu.

Hapa ndipo uhakiki wa fasihi unapokuwa na la kufanya. Mwalimu anayefundisha kwamba kitambi ni ufisadi humfundisha mwanafunzi mnene kujitafuta miongoni mwa wezi. Anayefundisha kwamba unene ulikuwa fahari ya mababu huifuta fimbo ya Karagwe, na humwambia msichana mwembamba kwamba ana upungufu wa asili yake. Maandishi yenyewe hayasemi hivyo. Liyongo mkubwa na Ndaaya mkondefu wote wawili walinyimwa chakula. Walinzi wa gereza na Kĩhaahu mwembamba wote wawili walikula kisicho chao. Utamaduni ulioacha neno kikoa uliacha pia njia ya kusoma: kabla ya kuuliza mtu ana ukubwa gani, iulizwe siku ya zamu yake alimlisha nani.